Bafle Mapasa

Mangobo, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Papa Vicky, mupenzi wangu,

Jambo. Franck motard, ule wa pikipiki, amesema anarudi Opala kesho kama mvua haikukata njia, ndiyo nimekaa chini haraka niandike mbele ya mutoto wetu Vicky kuamuka. Tuko wazima. Natumaini na wewe uko muzima kule kwenye chantier ya barabara, na mbu hawakumalizi.

Huku hakuna habari mbaya, ni bafle tu, hii spika ya muziki. Ulinunua mbili zenye kufanana, ukasema moja ya salon, moja ya jikoni, muziki itembee nyumba nzima kama kwa wakubwa. Sawa, moja umeenda nayo Opala, sikatai. Lakini hii yenye ilibaki inanisumbua. Asubuhi inashika telefone yangu vizuri. Taa ya bluu inapepesa, inapepesa, kisha inasema ti-tiii, naweka nyimbo za kwaya, na Vicky anacheza na matako yake madogo mpaka anaanguka. Jioni inakataa. Telefone inatafuta, inatafuta, inasema hakuna kitu. Na bafle iko mbele yangu mezani! Na taa yake haipepesi hata kidogo. Inasimama tu, imetulia, kama mutu mwenye alishapata ule alikuwa anangoja.

Niliingia ndani ya telefone nikaona neno hili, nalinakili vile liko: jumelé. Nikawaza jumeaux, mapasa, watoto wa kuzaliwa pamoja. Moyo ikaruka. Nikasema, hata machine inajua kama mimi ni Mama Mapasa? Usicheke. Unajua tangu ndugu ya Vicky alitutoka siku ile ile ya kuzaliwa, watu wanaogopa kuniita hilo jina. Mimi sikulikataa. Mama Mapasa inabaki Mama Mapasa, hata mukono moja ikibaki wazi.

Nieleze nifinye wapi. Papa yangu Faustin ameuliza tena kutoka Yanonge, ni lini mukwe wake atakuja kujionyesha. Nilimujibu: akitoka Opala tu. Ni kweli, hapana? Nimechoka watu wa avenue kutuita yaka tofanda, njoo tukae tu bila mahari, kama tuliokotana njiani.

Vicky amebusu karatasi hapa, ndiyo hiyo doa ya mafuta.

Ursule wako


Opala, tarehe 7 mwezi wa tatu 2024

Ursule,

Bon. Barua nimepata. Page nzima kwa kitu ya kufinya button moja.

Jumelé haina kitu na uzazi wako. Ni bafle mbili zenye zimefungwa pamoja bila waya, moja ikiimba na nyingine inaimba. Watu wenye walisoma wanajua. Na usianze kuwaza kama hiyo yako inasikia hii yangu ya Opala, nakujua na mawazo yako. Hizi zinasikiana kwa karibu tu, kama salon na jikoni, ukuta moja katikati, haipiti pale. Ukitoka nayo barabarani inakatika-katika, kisha inakufa. Donc shida iko kwa mukono yako, haiko kwa bafle.

Fanya hivi. Finya button ya katikati, shikilia mpaka izime. Washa tena. Ndani ya telefone, kwa jina ya bafle, finya "Oublier", maana yake sahau. Kisha utafute mupya. Ikikataa jioni, tumia asubuhi. Radio ya baba yangu ilikuwa inashika asubuhi tu na hatukufa.

Habari ya Yanonge nilishasema. Mwanaume anajionyesha na mikono yenye kujaa. Usinisukume. Na usipige simu, huku réseau hakuna, unamaliza unité bure.

Arsène


Mangobo, tarehe 13 mwezi wa tatu 2024

Papa Vicky,

Mungu akubariki. Nilifinya vile uliandika. Nilifinya Oublier na macho imefungwa, juu hilo neno linaniogopesha, na asubuhi bafle ikashika. Nilisonga lituma ya ndizi na kwaya nzima ndani ya jikoni. Ungesikia!

Lakini jana jioni, ndiyo nataka kukuambia, bafle iliimba yenyewe. Telefone yangu ilikuwa imezima. Niliwasha bafle tu juu Vicky aone taa ya bluu, anaipenda. Ikakaa kidogo, ikasema ti-tiii, na mwanaume akaanza kuimba rumba ya zamani, ile unapenda, yenye guitare inalia kama mutoto. Vicky akasimama. Akasema: Papa! Akaweka sikio juu ya bafle, papa, papa, mpaka nikalia na kucheka pamoja. Nikawaza, pengine Arsène naye anasikiliza wimbo huu saa hii kule Opala. Najua ulisema haiwezekani. Nawaza tu.

Mama Pélagie, mwenye nyumba wetu, anakusalimia. Vile nyumba yake inapeana mugongo na jikoni yetu lakini mulango yake inafungukia avenue ingine, hatuonani kila siku. Alipita kuangalia bati. Na iko na mimba! Hakusema ya nani, na mimi sikuuliza. Halafu nikafanya kitu, usinigombeze. Zile nguo za ndugu ya Vicky, zenye hakuvaa hata moja, bado nilikuwa naziweka chini ya godoro. Nilimupa. Nikasema: Mama, hizi zimengoja mutoto sana, acha zipate mutoto. Aliangalia ukuta muda murefu, kisha akazichukua. Iko na roho nzuri, hata kama Kiswahili yake ya Maniema inanifunga mudomo.

Sasa niambie, bafle iliimba na telefone ya nani?

Ursule wako


Opala, tarehe 15 mwezi wa tatu 2024

Ursule,

Zima hiyo bafle. Zima leo, usiiwashe tena mpaka nirudi.

Nilisoma barua yako na nywele ya mwili ikasimama. Machine haiimbi bila mutu. Na nani alicheza wa kwanza? Nani aliita papa? Nimewaza mingi huku. Mapasa, mumoja akienda mapema, ule mwenye kubaki anabaki na mulango wazi. Wewe mwenyewe uliandika: jumelé, mapasa. Nilikucheka, kumbe ulisoma vizuri kuliko mimi. Ule alienda anaita ndugu yake ndani ya bafle, na Vicky anamujibu. Mutoto ndoki, mwenye uchawi, anaanza hivyo, na kucheza. Kisha ni kazi ya baba inaharibika, safari ya baba inafungwa. Tangu azaliwe mimi nimepata nini?

Mupeleke kwa Nabii Basile, kwenye kundi la maombi. Mueleze yote. Vicky afunge, asile, asinywe, mpaka aseme anakula nini usiku na nani. Mimi siwezi kuingia Yanonge kwa baba yako na mutoto mwenye hajasafishwa. Chagua.

Na usimusumbue tena Mama Pélagie na vitu vya marehemu.

Arsène


Mangobo, tarehe 22 mwezi wa tatu 2024

Papa Vicky,

Nimemupeleka. Bafle imezima, nimeifunga ndani ya kikwembe yangu ya kujifunga.

Njiani Vicky aliimba mugongoni kwangu. Alipoona ngoma za pale kwa nabii aliwaza ni sikukuu, akapiga mikono. Walimukalisha na watoto wengine chini ya bati, kwenye jua kali. Nabii Basile alimuuliza: Usiku unakula na nani? Akajibu: Na mama. Wakaandika. Nikasema, Papa Nabii, anasema kweli, sisi tunakula jioni, yeye na mimi, sahani moja. Wakageuka wote wakaniangalia. Tangu pale wananiangalia vile.

Anaomba mayi, maji tu. Hajui kusema kingine. Mayi, mama, mayi. Nililoanisha kona ya kikwembe yangu, nikajifanya ninamupangusa midomo. Akaivuta yote na meno. Kama ni zambi, ni yangu, Vicky asihesabiwe.

Jioni wananiachia nirudi naye nyumbani, lakini kufunga kunaendelea. Kwenye avenue habari imefika mbele yetu. Wamama wanavuta watoto wao ndani. Ule mutoto wa nyumba ya kwanza hapa, mwenye Vicky alikuwa anamufuata kama kifaranga, jana alimutemea mate.

Lakini mimi natumaini, Papa Vicky. Nawaza, akisafishwa utarudi, tutashuka Yanonge na mutumbwi, wewe na shati yako ya kijani. Niambie tu kama imetosha. Neno moja. Imetosha.

Ursule wako


Opala, tarehe 23 mwezi wa tatu 2024

Ursule,

Haijatosha. Nabii anajua kazi yake, usiwe laini. Na jioni ukimurudisha nyumbani mufunge mudomo, analia mpaka watu wanashindwa kulala.

Arsène


Mangobo, tarehe 29 mwezi wa tatu 2024, asubuhi

Papa Vicky,

Vicky alianguka. Nimemutoa kwa nabii, nisamehe. Kwenye dispensaire mama mumoja alimufinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa. Akaniuliza: Wewe ni mama yake ao ni nani? Walimupa maji kijiko na kijiko. Sasa analala, macho hayafungiki vizuri.

Nina ombi. Bafle bado iko ndani ya kikwembe. Kama ni mwanangu kweli mwenye anaimba pale ndani, niruhusu niwashe mara moja tu, nimusikie. Sikumusikia kulia hata siku moja. Alitoka ananyamaza. Mama anaweza kuogopa mutoto wake?

Franck yuko nje anapiga klaksoni. Nijibu.

Ursule wako


Mangobo, tarehe ile ile, jioni

Arsène,

Hii barua sikumupa Franck. Nimeifunga kwa jiwe, naitupa juu ya ukuta wa jikoni. Itakufikia mbele ya lituma kuiva.

Sikungoja ruhusa yako. Nilikaa chini, Vicky mugongoni, nikafungua kikwembe, nikawasha. Nikasema polepole: Mama yako niko hapa, usiogope. Taa ikapepesa, ikasimama. Ti-tiii.

Ikatoka sauti yako.

Ulikuwa unasoma barua yangu. Ile ya asubuhi ya leo, wino haujakauka vizuri, Franck alisema anaenda nayo Opala. Ulifanya sauti yako ndogo kama yangu. "Mama anaweza kuogopa mutoto wake?" Kisha ukacheka, ukasema: "Pélagie, sikia vile anaandika! Na mimi nilisema ndoki juu azime bafle tu! Azime tu!" Ikaisha. Mutu akairudisha mwanzo, ikaanza tena. Na nyuma ya ukuta mwanamuke alikuwa anacheka. Kicheko hicho hakikuwa ndani ya bafle, Arsène. Kilipita kwenye matofali.

Nikabeba bafle mukononi. Kwenye jikoni, sauti yako kamili. Kwenye salon, vile vile. Kwenye mulango wa lupangu, pale uzio unaishia, inakatika-katika. Barabarani, imekufa. Nikarudi jikoni, ukafufuka. Vile vile ulinifundisha, na mukono yako mwenyewe.

Na Vicky mwenye analia mpaka watu wanashindwa kulala. Watu gani, kutoka Mangobo mpaka Opala? Nilisoma hiyo maneno mara mingi na sikuisikia. Nilikuwa natafuta ndani yake neno "imetosha".

Sikuombi urudi. Sikuombi Yanonge. Naomba karatasi moja: andika kama Vicky hana ndoki, kama ulisema bongo, uongo tu, tia sahihi. Avenue nzima ilimuona anapelekwa kwa nabii, na jina kama lile halitoki na sabuni. Leo nilipotoka naye kwenye mulango walimutupia mawe madogo. Ataenda nalo shule, ataenda nalo mpaka kwa mume wake. Mistari mbili tu. Mutoto ni wako.

Ursule


Mangobo, tarehe 30 Machi 2024

Mama Mapasa,

Arsène hataandika. Amesoma barua yako, ameiweka mfukoni, ametoka. Ninakujibu mimi kwa sababu jiwe lako lilivunja chungu changu.

Ni mimi niliyewasha bafle ya pili, ya huku kwangu, kila jioni. Yeye alinikataza. Nilichoka kunong'ona ndani ya nyumba niliyojengewa na baba yangu, eti mpangaji asisikie. Nilidhani siku ya kwanza tu ungebisha mlangoni tukamalizana kama wanawake. Badala yake ulinipa nguo za marehemu, unanishukuru. Nikasema basi, huyu lazima asikie kwa sauti kubwa zaidi.

Arsène hajafika Opala. Anashinda bandarini, na Franck anamkabidhi barua zako pale pale, wanakunywa pamoja. Kisha ananisomea; jana nilimrekodi kwa simu, nikaipitisha kwenye bafle. Una kalamu ya kuchekesha, sitakudanganya.

Umeomba maandishi. Haya ni yangu: mtoto wako hana ndoki. Maneno yale Arsène aliyabuni kwenye kiti changu, huku anakula, kwa sababu ulianza kuuliza kuhusu bafle. Nilimwambia: "Hataamini, ni mama." Akaniambia: "Ataamini. Humjui Ursule." Kweli, alikujua kuliko mimi. Lakini yeye alitamka tu, bibi. Aliyembeba mtoto mgongoni hadi kule ni wewe. Mimi wa kwangu, hata aniambie nani, nisingempeleka.

Nguo nimekurudishia, ziko kwa Franck. Sitaki mtoto wangu azaliwe juu yake. Jumapili ijayo nataka nyumba iwe wazi, nina watu wanaoihitaji. Bafle iache, ni ya Arsène.

Pélagie


Yanonge, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Mama Pélagie,

Asante kwa barua yako. Nasema asante, sicheki. Ndani yake mulikuwa kile nilimuomba baba ya mutoto na akakosa kunipa.

Siku Franck alileta nguo nilimushika mukono mpaka kwenye pompe ya maji ya avenue, saa wamama wote wako na bidon zao wanagombana juu ya foleni. Nikamupa barua yako, nikamwambia: soma, na sauti. Akakataa. Nikamwambia: Papa Franck, umebeba zote na hukuuliza, hii moja utaisoma. Akainamisha kichwa, akasoma. Alipofika kwa "mtoto wako hana ndoki" nikasema: rudilia. Akarudilia. Nikasema: tena. Kisha alitaka kuacha pale, akaniangalia, kwa sababu aliona maneno yenye yanafuata. Nikamwambia: hapana, mpaka mwisho. Wakasikia wote ni nani alimubeba mutoto mugongoni. Maji ilikuwa inamwangika na hakuna mwenye aliifunga. Mama wa ule mutoto mwenye alimutemea Vicky mate akatoa ndizi kwenye kitunga yake, akaiweka kwenye mukono ya Vicky. Hakuniangalia mimi. Na mimi sikungojea aniangalie.

Bafle sikukuibia. Niliiacha juu ya ukuta wa jikoni, upande wenu, imewashwa, itafute ndugu yake. Mapasa hawatenganishwi. Wangu mwenye alibaki, huyo nimeenda naye.

Uliandika kama wa kwako usingemupeleka. Niliyasoma hayo kila siku tangu nitoke Mangobo. Naomba tu Mungu ayafanye kweli. Siku moja Arsène ataanza kukuuliza mutoto amecheka na nani. Atauliza polepole, na mudomo yenye kujaa chakula chako. Siku hiyo ukumbuke kile kalamu yako iliandika.

Hapa papa yangu Faustin hakuuliza habari ya mukwe. Alikuja kutupokea kwenye maji, akamubeba Vicky, akasema: huyu mwepesi, wavu wangu hauwezi kumushika, lazima tumunoneshe. Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza.

Vicky anakula. Anatembea. Kucheza hachezi. Mutu akiwasha radio anaziba masikio, anakuja kukaa juu ya miguu yangu. Na anaficha maji. Anachukua kikombe, kopo, kifuniko cha bidon, hata kijiko, anajaza, anaweka chini ya kitanda, nyuma ya mulango, ndani ya viatu ya babu yake. Tunaamuka asubuhi tunakanyaga. Papa Faustin analoa miguu kila siku na hagombezi, anasema tu: ah, mvua ilipita ndani.

Jana nilimupeleka kando ya muto. Unajua vile Congo iko pana hapa Yanonge, macho inachoka mbele ya kufika. Nikamwambia: Vicky, angalia, hii yote ni mayi. Hakuna mwenye anaweza kuifunga. Aliangalia muda murefu. Kisha akachota ndani ya mikono yake miwili, akageuka, akaanza kupanda kwenda nyumbani, polepole, kidole juu ya kidole, kuificha.

Ilivuja yote mbele ya mulango. Akarudi kuchota tena. Nilimufuata nyuma, na mimi mikono yangu imejaa.

Ursule,
Mama Mapasa